Mteremko wa Iwambi na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa uhandisi

Vijana wanaoingia mwaka wa kwanza wa uhandisi wana uwezo mkubwa. Wengi wametoka kidato cha sita na PCM (fizikia, kemia na hisabati), na ukiwaandikia swali la mwendo au la nguvu wanalimaliza kabla hujageuka kutoka ubaoni. Kinachowakwamisha ni kwamba miaka yote ya shule swali limewajia na namba zake: uzito huu, kasi hii, tafuta nishati. Ukiwapa jambo lisilo na namba wanakaa kimya, wanasubiri uwatajie. Na kazi ya mhandisi inaanzia hapo hapo, kwenye jambo ambalo hakuna aliyemwandikia namba zake.

Nafundisha somo la utangulizi wa uhandisi hapa Mbeya. Historia ya fani, matawi yake, vipimo, uandishi wa ripoti, vyote nafundisha, lakini nimevisogeza vije baadaye. Wiki za kwanza nawapa swali moja tu: kwa nini malori yanashindwa kusimama mteremko wa Iwambi?

Mkazi gani wa Mbeya asiyeujua mteremko ule? Barabara ya Tunduma ikitoka jijini inashuka Iwambi kwenda Mbalizi, na malori ya Zambia na Kongo yanapita humo usiku na mchana. Ajali za pale zimeondoka na watu wengi. Darasani hukosi mwenye ndugu au jirani aliyeumia, kwa hiyo swali hili silitoi kama mchezo, na wao hawalipokei kama mchezo.

Jibu la kwanza huwa lile lile: breki zimefeli. Nawauliza, zimefelije?

Tunaanza na uzito. Kimya. Halafu mmoja anakumbuka mizani ya malori ya Uyole, wanatafuta, wanarudi na jibu kwamba sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari kubwa kabisa lenye ekseli saba. Basi tushike tani 56. Kasi tunachagua kilomita 72 kwa saa, ambayo ni mita 20 kwa sekunde. Kulisimamisha lori hilo kwenye tambarare, breki zinameza nishati ya megajuli 11 hivi, yaani juli milioni 11. Sasa lishuke kimo cha mita 100 bila kuongeza kasi, breki peke yake ndizo zinazolishika: megajuli 55. Karibu mara tano, na mita 100 ni kimo kidogo kwa milima yetu. Nikiona namba hiyo bado haijawaingia nawaambia waigawe kwa 3.6, maana uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6, wapate uniti zile zile tunazonunua kwenye LUKU. Zinatoka uniti 15. Umeme ambao nyumbani kwao unawasha taa na televisheni siku kadhaa umegeuka joto ndani ya vyuma vya magurudumu kwa dakika chache.

Mwaka mmoja binti wa safu ya nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, mbona uzito umejifuta? Hata gari dogo linapata mara tano." Kweli, uwiano ni ule ule kwa gari lolote. Sasa mbona magari madogo hayaungui breki pale? Sikumjibu, niliwaachia swali hilo wiki nzima, na ni swali bora kuliko nililokuwa nimeandaa. Walikuja kuona kwamba kwa kila tani ya uzito gari dogo lina chuma kingi zaidi cha breki cha kupokea joto, na upepo unalizuia kwa sehemu kubwa zaidi kuliko unavyolizuia lori.

Nawatuma pia gereji wakaulize drumu moja ya breki ina kilo ngapi. Majibu yanatofautiana, na hilo ndilo ninalolitaka. Tunakubaliana kilo 50, drumu 14, jumla kilo 700. Kwa makadirio hayo, bila upepo wa kupooza, kila mita 100 za kushuka zinapandisha joto la chuma kwa digrii zaidi ya 150. Drumu ikipata moto inatanuka na kuikimbia breki, na ile ngozi ya breki nayo ikiungua inapoteza mshiko. Dereva anakanyaga, pedali inazama, gari halishiki.

Hapo ndipo namwalika dereva mstaafu. Wanasimama: "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu." Halafu anawaambia: "Gia unayopandia mlima ndiyo ya kushukia. Uichague ukiwa juu." Kijana mmoja akamuuliza kwa nini dereva asipunguze gia akiwa katikati ya mteremko. "Mwanangu, gari likishakimbia gia ndogo haikubali kuingia. Unabaki na frii, na Mungu wako." Mzee alipoondoka tuliyachambua maneno yake. Gia ndogo inafanya injini ivute nyuma, sehemu ya zile megajuli inatokea ekzosi na kwenye rejeta badala ya kubaki kwenye drumu. Nimefurahi kila mara nikiona vijana wanavyoandika maneno ya mzee kwenye daftari pembeni ya hesabu, kwa heshima ile ile.

Kimo cha mteremko wenyewe wanakipima kwa simu, kila kundi na simu zake, wakiwa mbali na barabara. Namba hazilingani hata kidogo. Tutumie ipi? Wanabishana: wastani, au ile ya simu ya bei kubwa? Mwishowe wengi huishia kwenye namba kubwa, kwa sababu ukikosea kwa kudhani mteremko ni mfupi, anayelipa ni mtu wa Mbalizi aliyesimama kituoni. Siku hiyo ndipo ninapowaeleza Bodi ya Usajili wa Wahandisi, sheria yake ya mwaka 1997, na ile miaka mitatu ya mafunzo kazini kwa mhitimu kabla ya usajili kamili. Ukiwaeleza mapema wanaona ni urasimu. Baada ya ubishi ule wanaelewa kinacholindwa.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, naigusa kwa kifupi: gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo, treni haiwezi kupanda mlima mkali kama basi, ndiyo maana kati ya Mlimba na Makambako kuna mahandaki na madaraja mengi hivyo.

Kazi ya mwisho ni ukurasa mmoja wa mapendekezo, uandikwe kwa Kiswahili ambacho mwenyekiti wa mtaa ataelewa. Wengine wanapendekeza kichepuko cha changarawe cha kunasa malori, wengine kituo cha lazima juu ya mteremko ili dereva aingize gia ndogo. Kila pendekezo linakuja na namba, na kila namba na sababu ya kuichagua.

Wenzangu mnaofundisha Iringa mna mteremko wa Kitonga, hesabu ni hizi hizi. Wa Njombe na Mufindi wana nguzo za umeme zinazotoka kwenye mashamba ya miti. Waulizeni vijana nguzo ya mita 10 ichimbiwe kina gani, na upepo wa kipupwe uingie kwenye hesabu hiyo kwa namba ipi.