Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani na orodha ya kazi ndani ya simu

Ninashona Sinza, Dar es Salaam. Nina cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya miguu, overloki ya kufunga kingo za kitambaa, meza ya kukatia na binti mmoja anayejifunza kazi. Sare za harusi zilipoanza kupishana nikahamishia kazi zangu kwenye Microsoft To Do, programu ya bure ya kuorodhesha mambo ya kufanya. Wateja wakiniona nabonyeza simu huku futi kamba iko shingoni hudhani nachati. Hii ni Jumatano iliyopita.

Saa 11:40 alfajiri

Nimeshaswali, chai iko jikoni. Nafungua ukurasa unaoitwa My Day na kama kawaida hauna kitu. Kila ikifika saa sita usiku programu inaukung'uta wote, ila kazi zenyewe hazipotei, zinarudi kwenye orodha zilikotoka. Asubuhi unachagua upya. Pembeni kuna mapendekezo: zilizobaki jana, na zile ambazo tarehe yake imefika. Kwangu hakuna inayojipachika yenyewe, ni mpaka niiguse.

Najua watu walioifuta programu hii kwa sababu hiyo hiyo, wanasema inawapa kazi ya kupanga kila siku. Mimi ndicho nilichokipendea. Daftari la oda likifunguliwa alfajiri linakuonyesha madeni yote ya mwezi kwa mpigo, na chai haishuki. Hapa nachagua mambo saba na dunia nyingine inangoja.

Saba ya leo: kata magauni matatu ya Tabata, malizia suruali ya mjomba, jaribisha blauzi ya mwalimu wa Kijitonyama, mpigie muuza bitana, pindia mashati mawili, nunua umeme wa LUKU, mtume binti Kariakoo.

Ona kwamba kila moja inaanza na kitendo. Sijaandika "Harusi ya Tabata". Harusi siwezi kuishona. Nikiandika hivyo nitaliangalia neno hilo wiki nzima bila kujua mkono uanzie wapi. Anayeanza leo, akishika hili tu, hayo mengine ya programu, ya rangi na nyota, atayajua mbele ya safari.

Saa 1:45 asubuhi

Binti amefika kabla yangu, ameshafagia. Ana haraka ya kwenda Kariakoo kabla jua halijakolea. Hatuandikiani tena kikaratasi. Kuna orodha inaitwa "Kariakoo" ambayo tumeichangia. Niliitengeneza kwenye simu yangu, nikamtumia kiungo kwa WhatsApp, akaingia kwa akaunti yake. Nikiongeza kitu anakiona, akinunua anakitia tiki nami nakiona huku niko mezani na mkasi.

Anapanda basi la mwendokasi Shekilango, anashukia Gerezani. Bando lake likiisha njiani orodha bado inafunguka, maana imeshahifadhiwa kwenye simu. Tiki zake ndizo zitakazochelewa kunifikia hadi apate intaneti. Nilimweleza hili mapema ili nisije nikampigia kila baada ya robo saa, "umenunua uzi?"

Saa tatu kasoro anapiga yeye.

"Dada, zipu za inchi ishirini na mbili rangi ya maziwa hakuna. Nichukue za ishirini?"

"Chukua za ishirini na nne, nitazikata. Za ishirini zitambana mtu kuvaa."

Zipu ndefu hukatwa, fupi haivutwi. Hilo hakuna programu itakayomfundisha.

Saa 3:15

Anaingia mama mmoja na furushi la kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina send-off ya binti wa dada yangu, Jumamosi ya wiki ijayo. Tuko wanne. Utaweza?"

Zamani ningejibu "usijali" kisha nikaandika kwenye daftari: wanne, Jumamosi. Siku hizi namwomba akae, nafungua simu, narudi nyuma kutoka Jumamosi yake. Ijumaa naiacha wazi, kwa sababu Dar es Salaam umeme una yake. Alhamisi vifungo na pasi. Jumatano na Jumanne kushona. Jumatatu wanakuja kujaribu zilizoshikizwa kwa uzi wa muda. Jumamosi hii nakata. Ijumaa usiku kitenge kinalowekwa, maana ni pamba, na pamba isiyolowekwa inasinyaa baada ya gauni kufuliwa mara ya kwanza na lawama inarudi kwa fundi.

Hapa kuna jambo la kiufundi linalowasumbua wanaoanza. Programu hii inakuruhusu kuweka hatua ndogo ndani ya kazi moja, lakini hatua hizo hazina tarehe zake. Tarehe ni ya kazi nzima. Kwa hiyo "Sare za mama wa send-off" yenye hatua sita chini yake inapendeza machoni, ila haitakuambia kwamba leo ndiyo siku ya kuloweka. Mimi naandika kila hatua kama kazi inayojitegemea, na tarehe yake. Hatua ndogo nazitumia kwa yale ya siku moja: gauni la kwanza, la pili, la tatu, la nne.

Na tarehe ninayoweka ni ya mkono wangu kugusa kitambaa. Siku ya mteja kuja kuchukua inakaa kwenye sehemu ya maelezo tu. Fundi anayeweka siku ya kuchukuliwa kama tarehe ya kazi atakumbushwa vizuri kabisa, asubuhi ya shughuli yenyewe.

Mama anaangalia kioo cha simu yangu. "Kumbe unapanga hivyo? Basi Jumatatu niwalete saa ngapi?"

"Saa kumi jioni, mama."

Ameacha nusu ya pesa. Vipimo nimeandika kwenye daftari, kwa kalamu. Kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono: hivyo haviingii kwenye simu, na si kwa ushamba. To Do yenyewe ilirithi watu wa programu nyingine iliyopendwa sana, Wunderlist ya Berlin. Microsoft ilinunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikaizima. Watumiaji walipewa njia ya kuhamisha orodha zao, sawa, ila huwezi kujua ya kesho. Kazi ya wiki hii ikipotea nitaikumbuka kwa kuangalia vitambaa vilivyoning'inia. Vipimo vya wateja wa miaka sitavikumbuka.

Saa 5:20

Umeme umekatika. Overloki kimya, pasi kimya.

Nafungua orodha ninayoiamini kuliko zote, inaitwa "Umeme ukikatika". Humo nimerundika kila kisichohitaji waya: kupindia kwa mkono, kushona vifungo, kufumua nguo ya kubanwa, kuchora na kukata, kushikiza kwa uzi wa muda, kupiga simu kwa wadaiwa. Wakati majirani wanatoka nje kuuliza "na kwako pia?", mimi nimeshavuta magauni ya Tabata mezani na chaki mkononi. Mashati mawili yanayongoja kupindiwa nayo yamo humo humo.

Wengi hupanga orodha zao kwa majina ya wateja. Jaribu kupanga kwa kinachohitajika ili kazi ifanyike: umeme, intaneti, mteja awepo, uwe Kariakoo. Mwalimu anaweza kuwa na orodha ya darasani na ya ofisini, mwenye bodaboda akawa na ya gereji. Jina la mteja liandike kwenye kazi yenyewe, na ukimhitaji, tafuta kwa jina, inamleta.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage, na tembele. Umeme umerudi kabla sijamaliza. Simu iko chaji.

Saa 8:00 mchana

Simu inalia: "Jaribisha blauzi, mwalimu". Anaingia dakika chache baadaye, vumbi la chaki ya shule likikutana na la kwangu.

Kulia huku hakukuja kwenyewe. Tarehe ya kazi peke yake haitoi mlio. Kumbusho huwekwa kando, na siku na saa yake. Halafu simu nyingi za Android huzibana programu zinazokaa nyuma ili kutunza betri, na ukumbusho unachelewa au unanyamaza moja kwa moja. Ingia kwenye mipangilio ya simu, ruhusu programu itoe arifa, kisha kwenye sehemu ya betri uiondoe kwenye vizuizi. Fanya siku ile ile unayoiweka, kabla hujaitegemea kwa jambo la maana.

Jingine ni saa. Simu niliiweka kwenye mfumo wa saa 24. Mteja akisema saa nane mchana naandika 14:00, saa kumi jioni 16:00. Ukiiacha simu kwenye AM na PM, ukaandika nane kwa sababu masikio yamesikia nane, simu itakulilia saa mbili asubuhi au saa mbili usiku, na mteja hayupo kote kuwili.

Blauzi imembana kidogo makwapani. Nafumua, naachia sentimita moja kila upande, anavaa, anajigeuza mbele ya kioo. Tiki.

Saa 11:00 jioni

Kazi mbili zimebaki: mashati na suruali. Mashati binti anayapindia sasa hivi, mkono wake umetulia siku hizi. Suruali haitakamilika leo, mfuko wa nyuma unataka utulivu. Naigusa, nabadilisha tarehe, Alhamisi. Kisha napiga simu, kwa sababu kusogeza kwenye simu yangu hakujamsogeza mwenye suruali.

"Mjomba shikamoo. Suruali yako kesho saa kumi na moja, si leo."

"Marahaba. Kesho? Mbona uliniambia Jumatano?"

"Nilikuambia, mjomba. Naomba hadi kesho."

Anaguna. Ananiambia atafikiri.

Saa 3:00 usiku

Watoto wamelala. Najaza yanayojirudia, kazi ya dakika chache ambayo sitairudia. "Paka mafuta cherehani" kila Jumamosi. "Lipa kodi ya fremu" kila mwezi. "Awamu ya TRA", yaani kodi ya mapato, kila baada ya miezi mitatu, nikaanzia katikati ya mwezi wa mwisho wa robo, kwa sababu awamu zinaisha 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba na sipendi foleni ya siku ya mwisho. Ukitia tiki, ya awamu inayofuata inajitokeza yenyewe.

Mume wangu ananiuliza kama orodha ya sokoni nayo tunaweza kuichangia. Namtumia kiungo. Cha kwanza alichoandika ni "pweza".

Mjomba naye ametuma ujumbe: amekubali kesho, kwa masharti kwamba nimpunguzie na mikono ya kanzu. Nimeiandika: "Punguza mikono, kanzu ya mjomba, bure." Orodha ya umeme ukikatika.