Pole Niliyopewa Alfajiri

Juzi binti yangu alilichomoa sandukuni sweta langu la bluu, akalisoma kifuani herufi moja moja, kisha akauliza, "Baba, hii Villanova iko mkoa gani?" Nilimjibu kwamba ni chuo kikuu cha Marekani, jirani na Philadelphia. Yaliyobaki sikumweleza.

Sweta hilo nililipata mitumbani Mwanjelwa kwa sababu ya baridi wala si kwa sababu ya mpira wa kikapu. Ushabiki ulikuja baadaye, nilipoanza kutafuta habari za jina nililokuwa nikitembea nalo kifuani, na hadi kufikia Aprili 2016 nilikuwa tayari kukesha kwa ajili ya vijana ambao hata siku moja hawatasikia habari za Soweto ya Mbeya.

Fainali ya vyuo vikuu vya Marekani, Villanova dhidi ya chuo cha North Carolina, ilichezwa Houston usiku wa tarehe 4, ambao kwetu ulikuwa alfajiri ya tarehe 5. Niliitazama kwenye simu nikiwa nimejifunika blanketi gubigubi, kwa kuwa upande wa pili wa ukuta kulikuwa na msiba: mama mzazi wa mama mwenye nyumba alikuwa azikwe siku hiyo. Waombolezaji waliimba usiku kucha, na kulipokaribia kupambazuka wakanyamaza, ikawa inasikika milio ya kuni tu pale wanaume walipokuwa wakiota moto.

Villanova walikuwa wameongoza kwa pointi 10, wakaziachia zikayeyuka. Zikiwa zimebaki sekunde 4.7, Marcus Paige wa North Carolina aliruka, akajikunja hewani kumkwepa mlinzi, akatupa mpira kwa namna ambayo mpaka leo siielewi, na matokeo yakawa 74 kwa 74. Niliuma blanketi. Kisha Kris Jenkins wa Villanova akaurusha mpira ndani kwa Ryan Arcidiacono, naye akaukimbiza hadi mbele huku mabeki wakimfuata yeye, wakimsahau Jenkins aliyekuwa akija nyuma taratibu, kama mtu aliyechelewa basi na kukata tamaa. Akarudishiwa mpira, akatupa. Taa nyekundu za ubao, zinazoashiria muda umekwisha, ziliwaka mpira ukiwa bado hewani, na sidhani kama nilipumua mpaka ulipozama wavuni. 77 kwa 74.

Nikapiga ukelele.

Sikumbuki nilisema nini, ila nakumbuka kimya kilichofuata nje, halafu ndala zikija mbiombio. Nilipofungua mlango alikuwa amesimama mama mwenye nyumba mwenyewe, kanga kichwani, macho yamevimba.

"Mwanangu, umepigiwa simu? Nani tena?"

"Hapana, mama. Nisamehe. Nimeota vibaya."

Akanishika bega. "Pole, mwanangu. Pole sana."

Mfiwa alinipa pole mimi, na mimi nikaipokea. Siku ile nilipasua kuni na kubeba maji kuliko jirani yeyote, akanisifu mbele za watu, jambo lililonizidishia aibu. Baadaye nilisoma kwamba Jenkins alilelewa nyumba moja na Nate Britt, mchezaji wa North Carolina, kwa hiyo wazazi wale walishangilia na kusikitika kwa mtupo ule ule. Niliwahi kujifariji kwa habari hiyo, ingawa wao hawakumdanganya mtu.

Mama mwenye nyumba alihamia Tukuyu, nami sikupata kumwambia ukweli. Jana binti alinibana mpaka nikamtafutia ule mtupo kwenye simu. Tuliutazama mara tatu, na mara zote nilikuwa nimeizima sauti.