Plymouth Duster ya 1970: nabaki na 318 yangu

Februari

Gari limekaa juu ya stendi nne, boneti na bampa zimetoka, na baridi ya Michigan inafanya spana ing'ate vidole. Kwa wanaoanza kusoma leo: hii ni Plymouth Duster ya 1970, milango miwili, V8 ya inchi za ujazo 318, yaani lita 5.2, gia otomatiki. Mama aliyeniuzia alichotaka ni gereji yake tu. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, na lilikuwa limesimama muda mrefu kiasi kwamba panya walishajenga kwenye kiti cha nyuma.

Kibati cha namba kwenye dashibodi kinaanza na VL29G0B. Kwa magari ya Chrysler ya miaka ile (Plymouth ilikuwa chapa yao) namba hizi ni cheti cha kuzaliwa. V ni Valiant, maana Duster ni Valiant iliyobadilishiwa mgongo. L ni daraja la bei ya chini. 29 ni milango miwili. G ndiyo injini ya 318, 0 ni mwaka 1970, na B ni kiwanda cha Hamtramck. Ingesomeka VS29H ingekuwa Duster 340, yenye injini ya inchi 340, ile inayogombaniwa minadani, na mimi nisingekuwa na ubavu wa kuinunua.

Hiyo B imenigusa kuliko nilivyodhani. Hamtramck ndiko ninakoswali Ijumaa. Ni mji mdogo uliomezwa na Detroit karibu pande zote. Zamani ulikuwa wa Wapolandi, leo Wayemeni na Wabangladeshi ndio wengi, na tangu 2004 adhana inasikika kwa vipaza sauti. Kiwanda chenyewe, ambacho watu walikiita Dodge Main, kilifungwa 1980 na kuvunjwa, na General Motors wakajenga chao eneo hilo. Mzee mmoja Mweusi ninayekutana naye dukani pale alifanya kazi Dodge Main. Nilimwuliza, nikitegemea hadithi za Hemi, ile injini kubwa ya Chrysler, na za magari ya rangi ya zambarau. Yeye akanihadithia spidi ya laini: magari yalivyokuwa yakipita upesi mno, na jinsi mwaka 1968 wafanyakazi Weusi walivyogoma na kuunda umoja wao, DRUM, kwa sababu waliona kampuni na hata chama cha wafanyakazi vimewapa mgongo. "Nyie mnapenda injini," akaniambia, "sisi tulikuwa tunahesabu dakika." Tangu siku hiyo, nikikuta bolti ya kiwandani iliyofungwa upande, simlaani aliyeifunga.

Machi

Mwezi wa kutu, na sina mengi ya kusema. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu haina huruma na bati la zamani. Sakafu ya buti ilikuwa imeoza, na nyuma ya magurudumu ya nyuma kidole kilipita. Nimekata, nimechomelea mabati mapya, nimesaga. Mabati ya gari hili bado yanatengenezwa na kuuzwa hadi leo, jambo ambalo mwenye Peugeot 404 kule nyumbani angelionea wivu.

Rangi: kibati kingine chini ya boneti kinasema EF8, kijani kilichoiva chenye chengachenga. Marafiki wote wanataka nipige In-Violet, ile zambarau ya Plymouth ya 1970, "ndiyo inayouza." Itabaki kijani.

Aprili

Injini imefunguliwa. Nimebadilisha ringi, beringi, mnyororo wa taimingi na gasketi zote. Mipira ya petroli niliing'oa yote bila kuikagua, kwa sababu petroli ya Marekani siku hizi ina ethanoli kama asilimia 10, na mpira wa zamani hauiwezi. Kwa wanaomiliki injini za umri huu: tepeti zake (visukuma vya vali) ni bapa, zinasuguana na kemshafti moja kwa moja, kwa hiyo tafuteni oili yenye zinki ya kutosha. Oili nyingi za kisasa zimepunguziwa zinki ili zisiharibu kichuja moshi cha eksosi, na kemshafti ya zamani inakwisha kimyakimya mpaka siku injini inaanza kukosa moto.

Sasa ule mjadala wa kubadilisha injini. Kuna kijana ana bloku ya 340 chini ya benchi lake na hachoki kunipigia simu. Hoja yake ina mantiki. 340 na 318 ni ndugu wa tumbo moja. Inaingia palepale. Kabureta yake ina koo nne, ya kwangu ina mbili. Kiwanda kiliiandikia nguvu za farasi 275, yangu 230. Na mwaka ule Duster 340 ilianzia dola 2,547 tu, ndiyo maana vijana waliipenda: gari jepesi, bei ya mfanyakazi wa kawaida, na linamwaibisha mwenye gari kubwa kwenye taa za barabarani.

Nimekataa. Sababu ya kwanza ni ya mfukoni: 318 ya 1970 ina kompresheni ya 8.8 kwa 1 na inakunywa petroli ya kawaida, wakati 340 ni 10.5 kwa 1 na inadai ya bei ghali. Sababu ya pili ni kwamba nimechoka na magari ya kuigiza. Mwaka ule ziliuzwa Duster zaidi ya 200,000, na za 340 hazikufika 25,000. Lakini simama kwenye maonyesho yoyote, utadhani hesabu ilikuwa kinyume. Zile za kawaida zimepachikwa nembo, mistari ya pembeni na injini nyingine, na chache ndizo zilizobaki zilivyotoka kiwandani.

Juni

Injini imewaka. Moshi wa bluu kidogo mwanzoni, kisha safi. Pointi na kondensa nimevitoa ndani ya distribyuta na kuweka kifaa cha kielektroniki kisichoonekana kwa nje. Chrysler wenyewe walikifanya kitu kama hicho kuwa cha kawaida kwenye magari yao yote kufikia 1973, kwa hiyo roho yangu imetulia.

Jumamosi jioni wazee hukutana na magari yao kwenye uwanja wa maegesho wa duka kubwa, na mimi huenda hata bila gari, kusikiliza tu. Ubishi wa kudumu ni gari gani lililoanzisha magari haya ya nguvu, wanayoyaita muscle car. Wengi wanasema Pontiac GTO ya 1964: General Motors, wenye Pontiac, walikuwa na sheria kwamba magari ya ukubwa wa kati yasizidi injini ya inchi 330, John DeLorean, mhandisi wa Pontiac, na wenzake wakaipenya kwa kuiuza 389 kama nyongeza ya hiari kwenye Tempest LeMans, na zaidi ya 32,000 zikaondoka mwaka wa kwanza. Mzee mwenye Oldsmobile anacheka na kuitaja Rocket 88 ya 1949. Mwingine anasema Chrysler 300 ya 1955, ya nguvu 300 kama jina lake. Mimi nasimama na wa GTO. Hizo nyingine zilikuwa za kasi, sawa, ila hazikulengwa kwa kijana wa miaka ishirini mwenye mshahara wa kwanza. Na kwa hilo naiheshimu zaidi Plymouth Road Runner ya 1968: kiti cha benchi, hakuna urembo, injini ya 383 ya nguvu 335, na honi iliyotengenezwa ilie kama ndege wa katuni. Walilipa kampuni ya filamu kwa ajili ya ndege yule, wakabana kwingine kote.

Nilichojifunza ni kwamba kumbukumbu hupenda injini kubwa. Kila mzee wa pili alikuwa na Hemi ya 426, au kaka yake, au jirani. Chrysler walitengeneza magari ya barabarani yenye injini hiyo kuanzia 1966 hadi 1971, na yote kwa pamoja hayafiki 12,000. Yangekuwepo mangapi mtaa mmoja wa Royal Oak, mji wa pembeni mwa Detroit? Ukimwacha mzee azungumze mpaka kahawa ipoe, ndipo inatoka: ile aliyoiendesha kila siku kwenda kazini, aliyomchukulia mkewe walipokuwa wachumba, ilikuwa na 318, au ile injini ya silinda sita iliyolala upande.

Wanabishana pia kuhusu nguvu zilivyopotea. Mmoja anaapa kwamba mwaka 1972 serikali ilizikata injini nusu. Si hivyo hasa. Hadi 1971 viwanda vingi vilipima injini ikiwa juu ya benchi, bila kichuja hewa wala eksosi kamili. 1972 wakaandika nguvu halisi ndani ya gari, na 318 ikashuka kutoka 230 hadi 150 kwenye karatasi huku ikibaki karibu ileile. Kilichouma kweli ni kompresheni kupunguzwa kwa ajili ya petroli yenye madini ya risasi kidogo, bima za vijana kupanda mpaka zikakaribia malipo ya gari lenyewe, na mwishoni vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973.

Wakinichokoza kwamba mtu wa Tanga anajua nini kuhusu magari haya, huwatajia Safari Rally ya 1964. Ford walileta Afrika Mashariki kikosi cha Mercury Comet zenye V8, kwa mbwembwe zote za Kimarekani. Matope yakazila, mbili tu ndizo zilizomaliza, na ushindi ukaenda kwa Ford ndogo, Cortina GT, ikiendeshwa na Peter Hughes. Huwa wananyamaza kidogo, halafu mmoja anauliza matope gani hayo.

Julai

Breki. Hapa uaminifu wangu kwa kiwanda umekwisha. Duster ya 318 ilitoka na dramu magurudumu yote manne, na ukipita kwenye dimbwi gari linavuta upande. 340 ndiyo iliyopewa diski mbele. Nguvu naweza kuziacha, ila kusimama lazima. Nimefunga diski kutoka kwa ndugu zake wa miaka ya katikati ya sabini, zinaingia bila kukata kitu.

Zina sharti lake. Duara la bolti mbele sasa ni inchi nne na nusu, nyuma limebaki inchi nne, hivyo rimu za mbele haziingii nyuma. Juu ya hapo, Chrysler wa wakati ule waliweka nyuzi za kinyume upande wa kushoto, ili nati zisilegee zenyewe gari likienda. Yaani gurudumu la nyuma kushoto unalifungua kwa kuzungusha kufuata saa. Mtu fulani kabla yangu hakujua akavunja bolti mbili. Nimepaka rangi nyekundu pale, na nimeandika kwenye kifuniko cha buti, kwa ajili ya atakayenisaidia siku ya pancha.

Kilichobaki ni rejeta na kioo cha nyuma. Woodward Dream Cruise, msafara wa magari ya zamani kwenye barabara ya Woodward, ni Jumamosi ya tatu ya Agosti, na kila mtu ananiuliza kama nitakuwepo. Nitakuwepo kwa miguu. Siku ile magari hutambaa kwa saa nyingi kwenye joto, na rejeta ya zamani haistahili jaribio la namna hiyo. Gari litapita Woodward Jumanne au Jumatano ya wiki hiyohiyo, usiku, barabara ikiwa na nafasi, kama wahandisi wa viwandani walivyokuwa wakifanya na magari ambayo hayajatangazwa. Fundi ameahidi rejeta Alhamisi.