Sukari ya Asubuhi, Ini, na Mama Anaitwa Gerty Cori

Wenye kisukari wengi wanashangaa kitu kimoja, mtu umelala bila kula, umeamka hata chai hujanywa, unapima unakuta sukari iko juu. Sasa imetoka wapi? Imetoka kwenye ini bana. Ini ndio stoo, linaiweka sukari kama glikojeni halafu usiku linaiachia kidogokidogo ubongo usikose chakula, na kwa mwenye kisukari linaachia kupita kiasi. Glikojeni yenyewe iligunduliwa na Mfaransa Claude Bernard miaka ya 1850, ila namna inavyovunjwa hatua kwa hatua, hapo lazima umtaje Gerty Cori na mume wake Carl.

Gerty kazaliwa Prague 1896, baba yake mkemia aliyekuwa anasimamia viwanda vya sukari (sijatunga hii). Kasoma udaktari hapohapo Prague, kamaliza 1920, mwaka huohuo kaolewa na Carl waliyekuwa wanasoma naye. 1922 wakaenda Marekani, mji wa Buffalo, na mwaka 1929 wakaja na kile kinachoitwa mpaka leo mzunguko wa Cori: ukikimbia kwa nguvu misuli inachoma sukari bila oksijeni ya kutosha inatoa asidi laktiki, hiyo asidi inasafiri kwenye damu mpaka kwenye ini, ini linaigeuza sukari tena na kuirudisha kwenye damu, misuli inaichukua, basi inazunguka hivyohivyo.

Sasa vituko. Chuo kimoja kilimtaka Carl lakini sio mkewe, Gerty akaambiwa kabisa kwamba anamharibia mume kazi na kwamba mwanaume kufanya kazi na mkewe sio tabia ya Kimarekani. Carl akakataa hiyo kazi. Mwaka 1931 wakahamia Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, Carl akapewa uprofesa na idara, Gerty akawekwa mtafiti msaidizi kwa mshahara ambao ni sehemu moja ya kumi ya ule wa mumewe!! Maabara ileile, kazi ileile. Uprofesa kaupata 1947, na mwaka huohuo ndio Nobeli ikaja, nusu yao wawili na nusu ya Bernardo Houssay wa Argentina. Akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya tiba.

Lakini mimi kinachonivutia zaidi ni alichofanya baada ya Nobeli, wakati wengine wangepumzika. Kuna watoto wanazaliwa na ugonjwa wa von Gierke, ini limejaa glikojeni mpaka tumbo limevimba, halafu mtoto huyohuyo akikaa masaa machache bila kula sukari kwenye damu inashuka vibaya mpaka anaweza kupata degedege. Yaani stoo imejaa na nyumba ina njaa. Mwaka 1952 Gerty na Carl wakapima maini ya wagonjwa wa aina hiyo wakakuta kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) cha hatua ya mwisho kabisa ya kutoa sukari kwenye ini, glukosi-6-fosfatesi, hakipo au kipo kidogo mno, kwa hiyo sukari inafika mlangoni inashindwa kutoka. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa kurithi wa aina hii kuonyeshwa wazi kwamba chanzo chake ni kimeng'enya kimoja kilichokosekana kwenye ini. Baadaye akaonyesha kwamba kuna watoto wengine tatizo lao liko kwenye kimeng'enya kinachokata matawi ya glikojeni, huo ndio unaitwa ugonjwa wa Cori. Siku hizi watoto hawa wanakorogewa wanga wa mahindi mbichi kwenye maji, ile konifulawa ya kawaida tu bila kupikwa, sababu unasagika taratibu tumboni na sukari haishuki usiku.

Na yote haya kafanya akiwa mgonjwa, uboho wake ulikuwa umeacha kutengeneza damu vizuri, anaongezewa damu, anajilaza kwenye kitanda kidogo hapohapo kazini halafu anaamka anaendelea. Miaka kumi hivi. Kafariki Oktoba 1957. Waliopita kwenye maabara yao, sita walikuja kupata Nobeli zao wenyewe, akiwemo Arthur Kornberg na Christian de Duve.

Mwaka 2008 Marekani wakamtolea stempu ya senti 41, wakamchora na molekuli aliyoigundua na mumewe, na fomula wakaikosea. Jamani hata mkemia mmoja wa kuulizwa alikosekana?