Dakika tatu za watoto

Tangu Jumamosi kuna maneno hayanitoki kichwani. Nayasikia nikiwa napima dagaa pale Mwaloni, nayasikia kwenye daladala, na jana yamenifuata mpaka kanisani. "Mama, hawa ni watoto. Dakika tatu zitawasaidia nini?"

Wiki yenyewe ilikuwa nzito: wifi kajifungua salama pale Bugando, mwenye nyumba kapandisha kodi, na yule binti wa dukani mliyekuwa mnamuulizia kaolewa Geita. Hayo yatapata siku yake. Leo ni la refa aliyechezesha mechi ya mpira ya watoto wetu Jumamosi.

Kitindamimba wangu alikuwa amesimama kwenye kona, mpira ameshautenga. Tumefungwa moja bila. Kabla ya mechi refa aliwaita makocha wote wawili wakakubaliana: dakika 30 kila kipindi. Kipindi cha pili mtoto mmoja wa wapinzani alibanwa na misuli akalala muda mrefu, na wachezaji wakabadilishwa pande zote mbili. Saa ya kocha wetu na simu yangu zote zilisoma dakika ya 27 kipyenga cha mwisho kilipolia. Wale wengine wakaruka kwa furaha. Wa kwetu wakabaki wanatazamana, na mwanangu bado kainua mkono kuomba nafasi ya kupiga.

Sikupiga kelele. Niliteremka kwenye yale mawe tunapokaa akina mama, nikamfuata taratibu.

"Samahani refa, mbona bado dakika tatu?"

Akatazama simu yake. "Mpira umeisha, mama."

"Si mlikubaliana 30? Na yule aliyelala chini je?"

Ndipo akayasema. Kwa upole kabisa, tena kwa tabasamu. Angenifokea ningeshasahau.

Zitawasaidia nini! Kwani mteja wangu nikimpunguzia gunia kilo tatu, nitamwambia zingemsaidia nini? Ni zake. Na neno "watoto" ndilo linaloniuma zaidi, maana alilitaja kama sababu ya kuwapunja, wakati kwangu mimi ndiyo sababu ya kuwatendea haki kuliko hata wakubwa. Mkubwa akidhulumiwa ana kocha wa kukata rufaa, ana kamera, ana redio zitakazomsemea wiki nzima. Mnakumbuka Januari 2022, AFCON, yale mashindano ya mataifa ya Afrika, kule Limbe, Kamerun? Refa Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85, akairudisha, kisha akaimaliza tena kabla ya 90 kutimia. Dunia nzima ililizungumza. Timu zikaitwa zirudi kumalizia, Tunisia wakagoma, Mali wakabaki na bao lao moja. Hawa wa kwetu nani atawaita warudi?

Nilimpigia kaka, yeye alisomea urefa zamani. Akanieleza bila kupamba. Sheria ya 7 ya mpira wa miguu inaruhusu kufupisha vipindi, ila ni kwa makubaliano ya refa na timu zote mbili kabla ya mchezo kuanza, na kanuni za mashindano ziwe zinaruhusu. Katikati ya mechi refa hana ruhusa ya kukata. Muda wa majeruhi na wa kubadilisha wachezaji lazima ufidiwe. Na refa akikosea saa kipindi cha kwanza, haruhusiwi kusawazisha kwa kurefusha au kufupisha cha pili. "Ndiyo maana sisi tulivaa saa mbili," akasema, "moja inatembea tu, nyingine unaisimamisha mchezo ukisimama."

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Huyo kijana alichezesha mechi ngapi siku hiyo?"

Nikanyamaza. Tulimkuta uwanjani tulipofika asubuhi, na yetu ilipigwa saa nane, jua la utosini. Hakukuwa na meza wala refa wa akiba, washika vibendera walikuwa vijana waliookotwa kwenye mashabiki. Maji sikumwona akinywa. Hata Sikazwe ilikuja kuelezwa baadaye kwamba jua lilimzidi, na yule ni refa wa mashindano ya Afrika, ana wasaidizi na vifaa vyote. Wa kwetu ana simu moja ambayo ndiyo saa, na huenda ndiyo hiyo hiyo anapigiwa na nyumbani kwake.

Hasira imeshuka. Maneno yake siyakubali hata leo, ila yeye mwenyewe namwonea huruma. Nimeshaongea na akina mama wenzangu tuchange, timu iwe na saa mbili za kuwapa marefa kila Jumamosi, na chupa za maji ziwepo za mwamuzi pia. Wawili wamegoma, wanasema tunamhonga. Nimewaambia saa itatumika mbele ya makocha wote wawili, na mechi ikiisha inarudi kwetu. Bado tunabishana.

Mtoto mwenyewe jana kwenye ugali kaniuliza ile kona ingefaa aipige juu au aichezee fupi. Nimemwambia juu, yule beki wetu mrefu alikuwa peke yake.

Kinachoninyima usingizi sasa ni bibi yao kule Magu. Kapiga simu jioni, kizunguzungu kimerudi, na nilipombana kakiri kwamba vidonge vya presha anavikata nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Shemeji anapita huko Jumatano. Sijui kama Jumatano si mbali.