Pale mbele ya mfalme, Nehemia aliomba saa ngapi?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii naomba tukae kwenye mstari mmoja tu, Nehemia 2:4, maana ni mstari ambao ukisoma haraka unaupita bila hata kuuona. Nehemia ni Myahudi anayemtumikia mfalme wa Uajemi, na mfalme anamuuliza, haya, unataka nini? Nehemia anaandika, basi nikamwomba Mungu wa mbinguni. Alafu mstari wa 5 unaendelea palepale, nikamwambia mfalme, na anaomba aende akaujenge upya mji wa Yerusalemu. Sasa jiulize, hapo katikati aliomba saa ngapi? Mfalme ameshauliza, amekaa anasubiri jibu, malkia yuko pembeni yake, na mfalme wa Uajemi siyo mtu wa kumwambia naomba unisubiri kidogo nikaombe narudi. Hakuna nafasi ya kupiga magoti wala kutafuta kona. Ni pumzi moja tu labda. Hata maneno aliyoomba hakutuandikia, na mtu huyu sura ya kwanza ameandika ombi lake refu mstari kwa mstari, lakini hili la hapa anasema tu niliomba, basi, anaendelea na stori.

Nimeupenda mstari huu kwa sababu wengi wetu ukituuliza ulikutana na Mungu wapi mara ya mwisho, tunataja mkesha. Au kongamano, au siku ile mtumishi fulani alikuja kanisani kwetu watu wakaanguka. Na sisemi hayo ni mabaya, mimi mwenyewe mikesha naipenda sana na nitaendelea kwenda. Lakini Ijumaa usiku tumekesha, Jumatatu asubuhi uko kituoni daladala zinapita zimejaa, konda anakusukuma, mtoto ameachwa nyumbani ana homa, bosi ameshatuma meseji ya kwanza, na hapo mtu anaona kama Mungu amebaki kule kanisani na atamkuta tena Jumapili. Kuna wapendwa wanazunguka mkoa hadi mkoa wanatafuta uwepo wa Mungu, wanakopa nauli, na hawajawahi kumtafuta pale wanapokaa masaa kumi kila siku, yaani kazini kwao.

Nehemia yuko kazini. Hilo ndo la kwanza. Ni mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, mji ambao leo uko nchi ya Iran, mwaka wa ishirini wa mfalme huyo, kama mwaka 445 kabla ya Kristo. Kazi yake ni divai ya mfalme. Ni nafasi kubwa ya kuaminiwa lakini ni kazi ya hatari pia, na siku hiyo hatari yenyewe ilikuwa usoni kwake, kwa sababu alikuwa na huzuni na hakuwahi kuonekana na huzuni mbele ya mfalme kabla ya hapo. Kama unataka kujua uzito wake nenda Esta 4:2, ni hukohuko Shushani, imeandikwa mtu hawezi kuingia mlango wa mfalme akiwa amevaa gunia. Mambo ya msiba yanaishia nje. Ukiingia kwa mfalme unaingia na uso mzuri. Kwa hiyo mfalme alipomuuliza mbona uso wako una huzuni na wewe huumwi, Nehemia anasema wazi kabisa, nikaogopa sana.

Naomba tusiharakishe hapo. Aliogopa, akajibu, akaulizwa tena, akaomba, akajibu tena. Hakuna mahali pameandikwa kwamba alipoomba hofu ikaondoka. Inawezekana iliondoka, inawezekana aliongea na magoti yanatetemeka, Biblia haisemi. Sisi tumezoeshwa kwamba ukiomba vizuri lazima usikie kitu, mwili upate joto, machozi yatoke, amani ikushukie, na usiposikia unaanza kujikagua una dhambi gani. Soma kitabu chote cha Nehemia, sura 13, hutakuta Nehemia akitokewa na malaika, hutakuta ndoto wala sauti kutoka mbinguni ikisema naye, na bahari kupasuka inatajwa sura ya 9 tu, kwenye ombi la kukumbuka habari za kale. Siku zake mwenyewe hakuna. Kuna mbao, mawe, barua za mfalme, majina ya watu na ugomvi wa madeni. Lakini mtu huyu anapoangalia nyuma anasema mfalme alinipa nilichoomba kwa sababu mkono mwema wa Mungu wangu ulikuwa juu yangu. Sura ya 2 hiyohiyo anasema pia Mungu alitia neno moyoni mwangu. Yaani uwepo aliujua, lakini aliujua akiwa anafanya kazi, na mara nyingine aliujua baadaye, akiwa ameshatoka mbele ya mfalme na barua ziko mkononi. Yakobo naye pale Betheli ni alipoamka usingizini ndo akasema, kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua. Alikuwa amelala amelalia jiwe mahali palepale.

Sasa lipo jambo lingine ambalo lisiposemwa hii tafakari itageuka ruhusa ya uvivu, na sitaki iwe hivyo. Lile ombi la pumzi moja halikutoka hewani. Rudi sura ya kwanza. Habari za Yerusalemu, kwamba ukuta umebomoka na malango yameteketezwa kwa moto, zilimfikia mwezi wa Kisleu. Mazungumzo na mfalme ni mwezi wa Nisani. Hapo katikati ni kama miezi minne. Na aliposikia habari alikaa chini akalia, akafunga, akaomba, anasema mchana na usiku. Miezi yote hiyo anaenda kazini, anashika divai, anatabasamu, anarudi anaomba. Mfalme hakujua. Kwa hiyo siku mfalme anauliza unataka nini, Nehemia hakuwa anaanza kuomba, alikuwa anaendelea. Ni kama mtu anayeongea na mama yake kila siku, akimpigia simu hajitambulishi, anasema tu mama nimefika, na mama anajua kafika wapi na ametoka wapi na kwa nini ilikuwa lazima aseme. Yule ambaye hajapiga miaka mitatu ndo anahitaji maelezo marefu.

Na tazama alivyomtaja mfalme katika lile ombi refu. Anamwomba Mungu ampe kibali mbele ya mtu huyu. Mtu huyu! Unamwita mtu huyu mfalme wa dola ambayo kitabu cha Esta kinasema ilitoka Bara Hindi mpaka Kushi, majimbo 127. Akiwa mbele yake anamwambia mfalme na aishi milele, heshima yake yote anampa, lakini alipokuwa mbele za Mungu yule mfalme alikuwa mtu tu. Mimi naamini hii ndo kazi kubwa ya maombi ya chumbani, yale ya Mathayo 6 ya kufunga mlango. Unamweka kila mtu kwenye saizi yake kabla hujakutana naye. Mwenye nyumba anayekuja kudai kodi, afisa mwenye muhuri, daktari aliyeshika majibu yako, mama mkwe, mwenyekiti wa kikoba. Ukishamtaja mbele za Mungu, ukikutana naye mchana unaweza kumheshimu bila kumwabudu.

Kwa hiyo yanaenda mawili pamoja, la mlango uliofungwa na la katikati ya kazi, na mtu akiniuliza aanze na lipi nitamwambia aanze na lolote analoliweza kesho asubuhi. Kuna mama ananyonyesha na ana wengine wawili wadogo, huyo ukimwambia aamke saa tisa usiku aombe masaa mawili unamtwisha mzigo ambao Bwana hajamtwisha, saa tisa yenyewe anayo tayari na mtoto yuko kifuani. Aombe hapohapo. Kuna muuguzi wa zamu ya usiku, kati ya kitanda na kitanda anaweza kumtaja mgonjwa anayemfuata kwa jina, Bwana huyu naye. Kuna dereva wa boda anasubiri abiria. Hana, mke wa Elkana, aliomba midomo inacheza tu sauti haisikiki, hata kuhani Eli akadhani amelewa, na Mungu alisikia kila neno.

Nimesema boda na muuguzi, lakini kuna mtu wa jikoni pia nataka niwatajie maana maisha yake yamenisaidia. Miaka ya 1600 huko Ufaransa alikuwepo mwanaume anaitwa Nicolas Herman, alikuwa askari, akaumia vitani, baadaye akaingia utawa wa Wakarmeli pale Paris wakampa jina la Ndugu Laurent wa Ufufuo. Hakuwa padre wala msomi. Walimpeleka jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda, akapika miaka mingi, alipozeeka na mguu unamsumbua akawa anatengeneza viatu vya watawa wenzake. Alifariki mwaka 1691. Watu wakubwa walikuwa wanamfuata kumuuliza, na alichowaambia ni kwamba yeye katikati ya makelele ya jiko, huyu anaita hiki na yule anaita kile, anakuwa na Mungu kwa utulivu uleule anaokuwa nao akiwa amepiga magoti kanisani. Kila anachofanya anaongea na Mungu kidogo, akimaliza anamshukuru, akikosea anamwambia na kuendelea bila kujitesa. Lakini kitu ambacho watu hawakitaji sana ni kwamba yeye mwenyewe alisema miaka kama kumi ya mwanzo aliteseka sana, akiona hayuko kwa Mungu anavyotakiwa, dhambi zake za zamani ziko mbele yake kila saa. Miaka kumi ndugu zangu! Sisi tukijaribu wiki mbili tukaona kimya tunasema mimi nadhani sina kipawa cha maombi.

Najua swali linalokuja, nimeulizwa na wapendwa zaidi ya mmoja. Unaanza kuomba kwenye daladala, Baba yetu uliye mbinguni, ukifika ufalme wako uje akili imeshaenda kwenye marejesho. Inaenda, ni kweli, akili ya binadamu iko hivyo. Irudishe. Au bora zaidi hayo marejesho yaingize kwenye maombi, maana yameshakuja yenyewe, mwambie Bwana tarehe 15 imefika na sina. Petro alipanda darini Yafa kuomba saa sita mchana, akasikia njaa sana, chini wanaandaa chakula, na Mungu hakumwambia ashuke akale kwanza arudi akiwa ametulia. Alisema naye palepale na njaa yake, tena kwa maono ya vyakula. Matendo 10 hiyo.

Na saa sita mchana ni saa nzuri sana. Mwandishi wa Zaburi 55 anasema jioni, asubuhi na adhuhuri nitalalama na kuugua, naye ataisikia sauti yangu. Wenzetu Wakatoliki wanayo sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, saa sita na jioni, kengele ikigonga mtu anasimama na jembe lake mkononi anasali dakika chache anaendelea kulima. Hata kama wewe siyo Mkatoliki unaweza kujifunza hapo. Simu zetu zina alamu za kila kitu, weka moja ya saa sita.

Tahadhari moja tu. Kuomba kazini siyo kuiba muda wa kazi. Sanbalati na wenzake, waliopinga ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu, walipopanga kuwashambulia wajenzi, Nehemia 4:9 anasema tulimwomba Mungu wetu tukaweka walinzi mchana na usiku. Waliomba na wakaweka walinzi, sentensi ni hiyohiyo. Mteja amesimama dukani dakika kumi wewe uko stoo unanena kwa lugha, huyo mteja ataondoka na jina la Yesu litasemwa vibaya. Nehemia alipomaliza kuomba alikuwa na jibu la mfalme, tena la mtu aliyejipanga, alijua anahitaji barua za kuwapa magavana wa ng'ambo ya Mto, yaani Frati, alijua jina la mtunza msitu wa mfalme, Asafu, ili apate mbao za malango, na alipoulizwa atakaa muda gani alitaja muda. Miezi minne ya maombi ilikuwa pia miezi minne ya kufikiri.

Na kwa mpendwa ambaye wiki hii hata hiyo pumzi moja hana, kwa sababu ya msiba au ugonjwa au ndoa inayovunjika, Warumi 8:26 ni ya kwako. Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Ukikaa tu kitandani ukaguna, ameshaanza kukuombea, na sisi wengine tutakushika mikono mpaka utakapoweza.

Tusome Nehemia sura ya 1 na ya 2 wiki hii, taratibu, hata mistari mitano kwa siku. Kila mmoja achague mtu mmoja ambaye anaogopa kukutana naye kabla ya Jumapili, amtaje mbele za Mungu asubuhi kwa jina, na akifika mlangoni kwake amtaje tena kabla hajagonga. Wiki ijayo Mungu akipenda tunaingia sura ya 4, wale waliojenga kwa mkono mmoja na silaha mkono wa pili.