Nyambizi ya rimoti Tanga: farumi kwanza

Anayetaka kuunda nyambizi ndogo ya rimoti aanze na mizani ya jikoni. Mota na betri zitafuata. Bomba la PVC la milimita 75, urefu sentimita 40, likizibwa ncha zote na kuzamishwa huondoa maji ya lita 1.77 hivi. Kwa hiyo chombo kizima lazima kikaribie kilo 1.77, la sivyo hakizami. Bomba na vifaa havifiki hapo, na pengo hilo hujazwa kwa farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo majini. Chubwi za risasi za wavuvi zinafaa sana.

Zipange chini kabisa, kando ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Chombo kilichozama hakisaidiwi tena na umbo lake kusimama wima. Kinategemea tu uzito kukaa chini ya mhimili wa bomba. Milimita 10 ndicho kiasi cha chini ninachokikubali.

Kwa kuzama na kuibuka tumia bomba la sindano la mililita 60, likae katikati, si omo (mbele) wala tezi (nyuma), maana likijaa upande mmoja chombo huinama upande huo. Mota yenye gia ya mizunguko 300 kwa dakika izungushe fimbo ya nyuzi ya M6 (kipenyo milimita 6). Kila mzunguko husogeza nati milimita 1, basi pistoni hutembea sentimita 10 kwa sekunde 20. Weka swichi ya kikomo kila mwisho, kwa sababu mota haijui kusimama na itang'oa nati. Mpira wa pistoni upake grisi ya silikoni. Grisi ya gari huuvimbisha na pistoni hukwama.

Urari wenyewe ufanye ndani ya pipa la lita 200. Sindano ikiwa tupu, chombo kibaki na akiba ya kuelea, yaani uzito unaopungua ili kizame, ya gramu 60 hadi 65. Ikijaa, akiba ibaki gramu 5 au chini kidogo. Mapezi ndiyo yatakayokishusha kikiwa kwenye mwendo. Rafadha, yaani panga linalokisukuma, ikisimama, chombo kinapanda chenyewe.

Hapa ndipo bahari yetu inapoharibu hesabu. Maji ya chumvi ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, na kwa chombo hiki hiyo ni gramu 44. Nyambizi iliyosawazishwa kwa maji ya bomba, ukiipeleka pwani ya Raskazone, itajaza sindano yote na bado itaelea kwa gramu 50 hivi. Ukifanya kinyume, yaani kusawazisha kwa maji ya bahari kisha kwenda kwenye bwawa la kuogelea, itatua sakafuni mara sindano ikijaa. Chota maji ya bahari ujaze pipa, usawazishe humo, na chubwi za gramu 44 ziwe za kutoa na kuweka.

Redio ni kikwazo kikubwa zaidi. Rimoti za gigahezi 2.4 hazifai chini ya maji. Zile za zamani za megahezi 27 au 40 hufika mita chache kwenye maji yasiyo na chumvi, lakini baharini mawimbi ya megahezi 27 hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kila sentimita 5. Hakuna antena ya kulitatua hilo. Suluhisho ni boya: resiva ya gigahezi 2.4 ikae ndani ya kipande cha povu kilichofungwa vizuri, na waya mwembamba wa mita 1.5 ushuke hadi chomboni. Uufunge juu, katikati. Ukiufunga tezi, rafadha itausokota. Weka pia amri ya dharura kwenye resiva, mawasiliano yakikatika sindano itoe maji yote.

Shafti ya rafadha ipite ndani ya bomba la shaba lililojaa grisi, na oringi (pete ya mpira) upande wa ndani. Kabla ya kuweka kifaa chochote cha umeme, tia karatasi ya chooni ndani, zamisha nusu saa, uangalie kama kuna tone. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, kwa hiyo acha pakiti ya silika humo kila ukifunga. Ukitoka baharini suuza kwa maji ya bomba, hasa mdomo wa sindano, maana chumvi ikikauka hapo huchubua mpira.